Mapigo Mangapi, Fotoni Ngapi? Mwongozo wa Ugezi wa Kigunduzi cha Fotoni Moja

Funika kigunduzi cha fotoni moja kwa kofia yake, zima leza, zima na taa za chumba, kisha tazama kihesabuji. Namba bado zinapanda. Kigunduzi cha kawaida cha silikoni hupiga makumi hadi mamia ya mapigo kila sekunde bila fotoni yoyote kukigusa. Washa leza, na kosa linageukia upande wa pili: fotoni zinafika, nyingine zinapita bila kuhesabiwa. Kwenye skrini ni namba moja tu, na ndani yake yamo yaliyotokea, yaliyosingiziwa kutokea, na pengo la yaliyokosekana.

Ugezi, yaani kulinganisha kipimo cha kifaa na kigezo kinachoaminika, ndiyo kazi ya kuyatenganisha hayo. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara au mhadhiri mwenye kigunduzi cha silikoni, leza ya nanomita 810, vipunguza mwanga vya faiba na mita ya nguvu ya mwanga yenye cheti. Mwenye kigunduzi cha aina nyingine atakuta maelezo yake mbele kidogo.

Jambo moja lijulikane mapema, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha wengi. Sehemu kubwa ya kosa katika ugezi huu haitoki ndani ya kigunduzi. Inatoka njiani: kwenye viunganishi, vipunguza mwanga na ncha za faiba ambazo mwanga hupitia kabla ya kufika.

KWA NINI UJISUMBUE

Mkaguzi wa vipimo haridhiki na pampu ya mafuta kwa sababu tu skrini yake inawaka na kusoma lita ishirini. Humimina mafuta kwenye chombo ambacho ujazo wake unajulikana, akalinganisha. Kigunduzi cha fotoni kinastahili ukali uleule, na yapo majaribio ambayo bila ukali huo yasingekuwa na maana.

Chukua jaribio la Bell. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba inawezekana kupima kama maumbile yanafuata kanuni za kwanta au yanaficha maelezo mengine chini yake. Tatizo lilikuwa vigunduzi: vikikosa fotoni nyingi mno, mpinzani anaweza kudai kwamba zilizokosekana ndizo zingebadilisha matokeo. Mwaka 1993 Philippe Eberhard alikokotoa kwamba hoja hiyo haiwezi kuzibwa mpaka ufanisi wa mfumo mzima uvuke theluthi mbili. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Vienna nchini Austria na jingine la Boulder, Colorado, nchini Marekani, yalivuka kizingiti hicho kwa fotoni. Asilimia 66 au 67 ndiyo tofauti kati ya jaribio lililofaulu na lisilofaulu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kukisia.

Upande wa usalama wa mawasiliano nako kuna funzo. Mwaka 2010 watafiti wa Norway na Ujerumani waliripoti kwamba vigunduzi vya mifumo ya kibiashara ya kusambaza funguo za siri kwa kwanta viliweza kupofushwa kwa mwanga mkali, kisha vikaendeshwa kwa mbali na mtu wa nje. Mfumo ulikuwa ukiendelea kutoa mapigo kama kawaida. Aliyetazama skrini tu hangeona kasoro.

KISANDUKU: Namba tano unazozitafuta

• Ufanisi: uwezekano wa fotoni moja iliyofika kutoa pigo moja.
• Mapigo ya giza: mapigo kwa sekunde wakati hakuna mwanga.
• Muda mfu: kipindi kifupi baada ya kila pigo ambapo kigunduzi hakioni kitu. Kwa silikoni ni makumi ya nanosekunde. Kwa vigunduzi vya indiamu, galiamu na aseniki, mtumiaji mara nyingi hulazimika kukiongeza hadi mikrosekunde kadhaa.
• Mapigo ya mwangwi: mapigo ya uongo yanayofuata pigo la kweli, kwa sababu chaji zilizonaswa ndani ya fuwele zinaachiwa kwa kuchelewa.
• Shaka: upana wa kosa linalowezekana katika kila mojawapo ya hizo nne. Namba isiyo na shaka yake haijakamilika.

KABLA YA KUGUSA KITU

Kigunduzi cha aina hii kimetegwa kwa volti kubwa ili fotoni moja itoshe kuanzisha mporomoko wa umeme ndani yake. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo udhaifu wake.

ONYO
• Usiwashe taa za chumba wakati kigunduzi kiko wazi na kina umeme. Mwanga wa kawaida wa chumba unaweza kukiharibu.
• Usiunganishe faiba kwenye kigunduzi kabla ya kuhakikisha vipunguza mwanga vyote vimefungwa. Mikrowati 10 za nanomita 810 ni fotoni trilioni 40 kwa sekunde.
• Nanomita 810 jicho huiona kwa shida sana. Leza inaonekana hafifu huku ikiwa na nguvu ya kuumiza. Vaa miwani inayofaa urefu huo wa wimbi, na nyingine kwa leza ya nanomita 405 ukifika kwenye njia ya jozi.
• Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kipoza joto cha kigunduzi huanza upya. Tumia betri ya akiba, na baada ya kukatika anza kipimo mwanzo.

Maandalizi yenyewe ni haya:

1. Washa kigunduzi, leza na mita mapema. Saa moja inatosha kwa vifaa vingi. Joto likibadilika, mapigo ya giza hubadilika, na nguvu ya leza huyumba.

2. Kagua ncha za faiba kwa darubini ya faiba, kisha safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili. Chembe moja ya vumbi katikati ya ncha inatosha kuharibu siku nzima ya kazi.

3. Tazama rangi ya viunganishi. Kwa desturi kijani ni ncha iliyokatwa kwa pembe ya nyuzi 8. Ncha bapa huwa na rangi nyingine. Ukiunganisha ya pembe na bapa, nafasi ya hewa inabaki katikati, mwanga unapotea, na ncha zinaweza kukwaruzana.

4. Ziba mianya ya mwanga. Taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku cha umeme, skrini ya kompyuta, hata ganda la manjano la faiba linalopitisha mwanga wa chumba: vyote huingiza fotoni. Funika kwa kitambaa cheusi kizito, na utepe mweusi wa gundi kwenye taa za vifaa.

5. Fungua daftari. Andika tarehe, joto la chumba, namba za vifaa, na urefu wa wimbi la leza uliopimwa, siyo ulioandikwa kwenye boksi.

SEHEMU YA KWANZA: KIJUE KIGUNDUZI CHAKO

Mtu huvutiwa kukimbilia ufanisi kwanza. Asifanye hivyo: ufanisi hukokotolewa kwa mapigo yaliyokwisha kusahihishwa, na masahihisho yenyewe ndiyo haya matatu.

Mapigo ya giza

1. Funga njia ya leza, lakini acha faiba imeunganishwa vilevile itakavyokuwa wakati wa kipimo. Hapo unapima giza la kigunduzi pamoja na mwanga unaovuja, na vyote viwili ndivyo utakavyovitoa baadaye.

2. Hesabu kwa sekunde 100. Mapigo yasiyo na mpangilio hufuata mtawanyo wa Poisson, hivyo shaka ya idadi ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Mapigo 250 kwa sekunde yanatoa 25,000 kwa jumla, na shaka ya takriban 158, sawa na asilimia 0.6.

3. Kisha kifunike kigunduzi kwa kofia na urudie. Tofauti kati ya vipimo viwili ni mwanga unaovuja. Ikiwa ni kubwa, rudi kwenye kitambaa cheusi.

Muda mfu

1. Angaza kigunduzi kwa mwanga hafifu wa leza isiyokatika.

2. Tumia kifaa cha kurekodi nyakati za mapigo, au osiloskopu, kupima muda kati ya pigo moja na linalofuata.

3. Chora idadi ya mapigo dhidi ya muda huo. Upande wa kushoto kuna eneo tupu kabisa, kisha mapigo yanaanza ghafla. Pale yanapoanzia ndipo muda mfu unapoishia.

Sahihisho ni rahisi: gawanya mapigo yaliyohesabiwa kwa (1 − mapigo kwa sekunde × muda mfu). Fomula hii hufaa mapigo yakiwa machache. Yakianza kuzidi milioni kwa sekunde, usiiamini bila kuipima.

Mapigo ya mwangwi

Mchoro uleule una habari nyingine. Mwanga wa leza hutoa mteremko laini. Mara tu baada ya muda mfu, kwenye kigunduzi chenye mwangwi, kuna kilima kinachojitokeza juu ya mteremko huo na kufifia ndani ya nanosekunde au mikrosekunde chache. Hesabu mapigo yaliyo kwenye kilima peke yake, gawanya kwa idadi ya mapigo yote yaliyoanzisha kipimo. Jibu ndilo uwezekano wa mwangwi. Kwa silikoni mara nyingi ni kama asilimia moja, au chini zaidi.

Je, masahihisho yanafanya kazi?

Lipo jaribio dogo la kuhakiki masahihisho ya muda mfu na ya giza kwa pamoja. Gawa leza katika matawi mawili na uyaunganishe tena mbele ya kigunduzi, kila tawi likiwa na kizuizi chake. Matawi yasiingiliane: tumia mapigo ya leza yanayofika kwa nyakati tofauti, au leza mbili zisizohusiana. Hesabu tawi la kwanza peke yake, la pili peke yake, kisha yote mawili pamoja. Baada ya kusahihisha na kutoa giza, jumla ya mawili ya kwanza inapaswa kulingana na ya tatu. Isipolingana, muda mfu au giza limepimwa vibaya, na hakuna haja ya kusonga mbele.

SEHEMU YA PILI: UFANISI KWA LEZA ILIYOFIFISHWA

Wazo ni kupeleka kwenye kigunduzi idadi ya fotoni inayojulikana. Ugumu ni kwamba mita ya nguvu na kigunduzi haviongei lugha moja. Mita inasoma vizuri kwenye mikrowati. Kigunduzi kinahitaji femtowati. Kati yao kuna pengo la zaidi ya mara milioni mia moja, na pengo hilo linavukwa kwa vipunguza mwanga vinavyopimwa kimoja kimoja.

Usahihi wa mita nao una asili yake. Taasisi za taifa za vipimo kama NIST ya Marekani, PTB ya Ujerumani na NPL ya Uingereza hutumia radiomita baridi kali, kifaa kinacholinganisha joto la mwanga na joto la umeme. Cheti cha mita yako kinapaswa kuonyesha mnyororo unaorudi hadi huko, pamoja na shaka katika urefu wa wimbi unaotumia.

Hatua kwa hatua

1. Unganisha vipunguza mwanga vitatu vya faiba vinavyobadilishwa kwa kitufe, mfululizo, na usiviachanishe tena hadi mwisho. Tumia kigawanya mwanga kupeleka sehemu ya leza kwenye mita ya pili ya kufuatilia mabadiliko.

2. Weka vyote vitatu kwenye sifuri. Soma nguvu kwenye ncha ya faiba: mfano mikrowati 10.00.

3. Ongeza cha kwanza peke yake hadi karibu desibeli 28. Soma mita. Kirudishe sifuri. Fanya hivyo kwa cha pili na cha tatu. Kila mara mita inasoma makumi ya nanowati, eneo inaloliweza.

4. Rudisha vyote sifuri na usome tena. Ikiwa 10.00 imebadilika kwa zaidi ya nusu asilimia, anza upya.

5. Ongeza vyote vitatu. Hakikisha mita haioni kitu. Sasa tu, hamisha ncha ileile ya faiba kutoka kwenye mita hadi kwenye kigunduzi.

6. Hesabu sekunde 10, mara kumi. Funga leza, hesabu giza. Fungua tena, rudia.

7. Chomoa na uchomeke faiba kwenye kigunduzi mara tano. Mtawanyiko wa majibu ndio shaka ya kiunganishi.

8. Rudisha faiba kwenye mita, fungua vipunguza mwanga, usome kwa mara ya mwisho.

KISANDUKU: Mfano wa hesabu

Namba hizi ni za kufundishia. Kigunduzi cha mfano kina lenzi mbele yake, hivyo mwanga hutoka kwenye ncha ya faiba kuingia hewani sawasawa na unavyofanya mbele ya mita.

Nishati ya fotoni moja ya nanomita 810: konstanti ya Planck (6.62607015 × 10⁻³⁴) mara kasi ya mwanga (mita 299,792,458 kwa sekunde), gawanya kwa urefu wa wimbi = 2.452 × 10⁻¹⁹ jouli.

Mikrowati 10.00 = fotoni 4.078 × 10¹³ kwa sekunde.

Vipunguza mwanga vilivyopimwa: 27.60, 27.85 na 27.65. Jumla desibeli 83.10, yaani zidisha kwa 4.898 × 10⁻⁹.

Fotoni zinazofika: takriban 199,700 kwa sekunde.

Mapigo yaliyohesabiwa: 116,000 kwa sekunde.
Baada ya muda mfu wa nanosekunde 40: 116,541.
Baada ya kutoa giza 250: 116,291.
Baada ya mwangwi wa asilimia 1: 115,140.

Ufanisi: 115,140 ÷ 199,700 = 0.577, yaani asilimia 57.7.

Angalia namba hizo kwa makini. Asiyesahihisha chochote angepata asilimia 58.1. Masahihisho yote matatu kwa pamoja yamesogeza jibu kwa chini ya nusu pointi. Sasa tuseme kipunguza mwanga kimoja kilisomwa vibaya kwa desibeli 0.1 tu, kiasi ambacho kiunganishi chenye vumbi kinaweza kukila bila mtu kujua. Hiyo ni asilimia 2.3 ya jibu zima: 57.7 inageuka 56.4 au 59.0. Ndiyo maana hatua ya 1 inakataza kuachanisha vipunguza mwanga, na hatua ya 7 inadai kuchomeka mara tano.

Kama kigunduzi chako si cha silikoni

Silikoni haioni kitu cha maana kupita nanomita 1,100 hivi. Kwenye nanomita 1,550, wimbi la simu za faiba, vinatumika vigunduzi vya indiamu, galiamu na aseniki, au nyaya nyembamba za superkondakta zinazofanya kazi kwenye baridi ya kelvini chache.

Vya indiamu mara nyingi hufunguliwa kwa madirisha mafupi yanayoendana na mapigo ya leza. Hapo usigawanye moja kwa moja. Leza haitoi fotoni moja moja, hutoa wastani. Wastani ukiwa 0.1 kwa kila pigo la leza, takriban asilimia 5 ya mapigo yasiyo matupu yana fotoni mbili au zaidi, na kigunduzi hupiga mara moja tu. Uwezekano wa kutopiga, ukishatoa giza, ni e⁻ⁿ, ambapo n ni ufanisi mara wastani. Tafuta ufanisi kupitia logi ya namba hiyo.

Nyaya za superkondakta zina tabia yake: nyingi zimepinda kwenda na kurudi kama nyaya za jiko la umeme, hivyo hupendelea mwelekeo mmoja wa mtetemo wa mwanga. Zungusha mwelekeo huo kwa kidhibiti cha faiba, na uripoti ufanisi wa juu na wa chini. Anayetoa wa juu peke yake ameficha nusu ya habari.

SEHEMU YA TATU: UFANISI BILA MITA

Kuna njia isiyohitaji kigezo cha nje kabisa. Fuwele maalumu ikipigwa leza ya nanomita 405, mara chache fotoni moja huvunjika kuwa mbili za nanomita 810, zinazozaliwa pamoja. David Burnham na Donald Weinberg walionyesha uzawa huo wa pamoja kwa majaribio mwaka 1970, na mwaka 1980 David Klyshko wa Moscow akaieleza kama njia kamili ya ugezi wa vigunduzi.

Mantiki yake ni nyepesi. Pacha mmoja huelekezwa kwenye kigunduzi A, kinachogezwa, na mwingine kwenye kigunduzi B. Kigunduzi B kikipiga, kuna hakika kwamba fotoni pacha ilielekea A. Mara ngapi A naye alipiga? Uwiano huo ndio ufanisi wa njia ya A.

1. Hesabu mapigo ya B peke yake, ya A peke yake, na mapigo sanjari yaliyotokea ndani ya dirisha la nanosekunde chache.

2. Zungusha fuwele au mwelekeo wa mtetemo wa leza ya 405 ili jozi zisizaliwe. Yanayobaki kwenye B ni mandharinyuma, yatoe.

3. Toa sanjari za bahati nasibu: mapigo ya A × mapigo ya B × upana wa dirisha.

4. Gawanya sanjari kwa mapigo ya B.

5. Gawanya tena kwa upitishaji wa njia ya A, yaani sehemu ya fotoni zinazosalimika kutoka ndani ya fuwele hadi kwenye kigunduzi.

Mfano: B ina 50,000 kwa sekunde na mandharinyuma 400. A ina 60,000. Dirisha ni nanosekunde 3, hivyo sanjari za bahati ni 9. Sanjari zote ni 12,000. Uwiano ni 11,991 ÷ 49,600 = 0.242. Upitishaji wa njia ukiwa 0.420, ufanisi wa kigunduzi chenyewe ni asilimia 57.6.

Hatua ya 5 ndiyo yenye mwiba. Upitishaji ukiwa na shaka ya 0.006, hiyo peke yake ni asilimia 1.4 ya jibu, kubwa kuliko shaka nyingine zote za njia hii. Pia hakikisha kichujio cha B ni chembamba kuliko cha A. Kikiwa kinyume, B itatangaza mapacha ambao kichujio cha A hakiwaruhusu kupita, na kigunduzi kitalaumiwa bure.

Njia hizi mbili zimeshapimana. Mwaka 2007 Sergey Polyakov na Alan Migdall wa NIST waliripoti shaka ya asilimia 0.18 kwa njia ya jozi na 0.17 kwa njia ya mita, na tofauti kati ya majibu ilikuwa asilimia 0.14, ndani ya shaka zao. Maabara ya kawaida haitafika huko, lakini ikipata asilimia 1 au 2 kwa njia zote mbili na majibu yakalingana, ina msingi imara.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kusahau ncha ya kioo. Mwanga ukitoka kwenye ncha bapa ya faiba kuingia hewani, takriban asilimia 3.5 hurudi nyuma. Ukiusoma kwa mita hivyo, kisha ukaunganisha faiba hiyo na faiba ya kigunduzi kioo kwa kioo, fotoni zinazofika ni nyingi kuliko ulizohesabu. Ufanisi utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Kurundika vichujio vya kioo. Vichujio viwili vikikaa sambamba, mwanga hurukaruka katikati na kujiingilia. Upunguzaji wa pamoja hauwi tena jumla ya kila kimoja. Viinamishe kidogo, kila kimoja pembe yake.

Kuruhusu vigunduzi vionane. Kigunduzi cha silikoni kinapopiga hutoa mmweko hafifu wa mwanga wake chenyewe. Christian Kurtsiefer na wenzake waliandika kuhusu mmweko huo mwaka 2001. Kwenye njia ya jozi, mmweko wa A ukirudi hadi B hutengeneza sanjari za uongo. Weka vichujio kati yao, au tazama kama kuna kilima cha ziada kwenye mchoro wa nyakati, kilichosogea kwa muda wa safari ya mwanga kati ya vigunduzi.

Kuripoti ufanisi mtupu. Asilimia 57.7 ya nini? Ya fotoni zilizotoka kwenye faiba, zilizofika kwenye lenzi, au zilizogusa silikoni? Sema mpaka ulipo.

Kuamini namba ya kiwandani. Karatasi ya kifaa huonyesha mfano wa aina hiyo. Kigunduzi chako kimoja kinaweza kuwa juu au chini ya hapo.

BAJETI YA SHAKA

Orodhesha kila chanzo, kipandishe kwa kipeo cha pili, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Kwa mfano wa leza uliotangulia:

• Mita, kwa mujibu wa cheti: asilimia 1.0
• Vipunguza mwanga vitatu, 0.4 kila kimoja: 0.7 kwa pamoja
• Kiunganishi, kwa kuchomeka mara tano: 1.0
• Idadi ya mapigo: 0.1
• Mwangwi: 0.2
• Muda mfu: chini ya 0.1

Jumla ni asilimia 1.6 ya jibu. Ufanisi unaandikwa 57.7 ± 0.9, kwa kiwango kimoja cha mtawanyiko. Orodha inaonyesha pia pa kuweka fedha na juhudi: mita yenye cheti bora na viunganishi safi vitapunguza shaka, kuhesabu mapigo usiku kucha hakutabadilisha chochote.

ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUSAINI RIPOTI

☐ Urefu wa wimbi umepimwa na kuandikwa.
☐ Cheti cha mita bado ni halali na kinahusu urefu huo wa wimbi.
☐ Vipunguza mwanga vimepimwa kwa mpangilio uleule uliotumika.
☐ Nguvu ya leza mwanzoni na mwishoni zinalingana.
☐ Giza limepimwa faiba ikiwa imeunganishwa.
☐ Muda mfu na mwangwi vimepimwa kwenye kigunduzi hiki, siyo kunakiliwa.
☐ Jaribio la matawi mawili limepita.
☐ Viunganishi vimechomekwa upya angalau mara tano.
☐ Joto, volti ya kigunduzi na mapigo kwa sekunde vimeandikwa kando ya ufanisi.
☐ Mpaka wa kipimo umetajwa: fotoni zimehesabiwa kuanzia wapi.
☐ Shaka imeandikwa, pamoja na kiwango chake.
☐ Tarehe ya ugezi ujao imepangwa. Rudia mapema zaidi iwapo kigunduzi kimehamishwa, kimepigwa na mwanga mkali, au mapigo yake ya giza yamepanda ghafla.